Najaf Ishirini na Nane

Abu al-Khasib, Basra
Mwezi wa Machi, wiki ya kuchavusha mitende

Wasan, bibi yangu,

Mjukuu wangu, nakuandikia kwa mkono wangu, kwa hiyo vumilia. Shule walikwenda kaka zangu. Mimi herufi alinifundisha babu yako kwa kidole, kwenye unga, nikiwa nakanda, na mpaka leo nikishika kalamu naona kama nachafua mkate. Lakini simu siitaki tena. Kwenye simu unanionyesha meno tu, na meno yako nayajua, yale ya utoto niliyang'oa mwenyewe kwa uzi. Nataka uniandikie nione kama mkono wako nao unacheka.

Idi inakuja. Njoo.

Sisemi njoo ukae. Mumeo Muhannad unaye, kazi unayo, kaa huko huko Melbourne kwenu. Nasema njoo ule Idi, urudi. Siku ile unaondoka uliniambia mlangoni, mbele ya shangazi yako Ibtihal: "Bibi, ni kama kwenda Najaf tu." Najaf mimi naijua. Nilikwenda na jeneza la babu yako likiwa juu ya paa la gari, tukatoka hapa baada ya swala ya alfajiri na adhuhuri ilikuwa haijaingia tukawa tumefika makaburini. Mwendo wa saa tano. Mtu anakwenda, anazika, anakula wali, analala kwake. Sasa wewe mwaka wa tatu huu saa tano zimekushinda?

Mama Hazbar wa jirani anasema kwenu ni mbali sana, ng'ambo ya bahari zote. Nikamwambia, wewe hata soko la samaki unapotea, unajua nini? Mjukuu wangu kaniambia kwa kinywa chake. Akaondoka kwenda kwake.

Mkate wako upo. Umo kwenye mfuko wa kitambaa, kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni, ule uliouuma siku ya kuondoka ukauacha ili urudi uumalize. Umekuwa mgumu kama kigae, lakini alama ya lile jino lako lililopinda inaonekana vizuri. Kila Ijumaa naufuta vumbi. Maji niliyomwaga nyuma yako siku ile yalikuwa ndoo nzima, si kikombe kama wanavyomwaga wengine, mpaka dereva akalalamika viatu vyake vimelowa. Kwa maji yale ulitakiwa uwe umesharudi mara kumi.

Na jambo moja. Kwa nini kila nikikupigia baada ya adhuhuri, dirishani kwako ni giza? Uliniambia mawingu. Nchi gani hiyo ya mawingu kila siku?

Bibi yako,
Nashmiya

*

Melbourne, 26 Machi

Bibi yangu,

Nabusu mkono wako, na unga uliomo kwenye kucha zako.

Barua imefika leo. Nimeisoma jikoni kazini, hapa hospitali ninapoosha vyombo, mpaka mwenzangu akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni bibi yangu ananigombeza.

Idi hii sitaweza, Bibi. Ndege zimejaa. Watu wote wanataka kusafiri wakati mmoja, unajua mambo ya Idi. Na kazini wamenikatalia ruhusa. Na Muhannad naye gari lake la kubebea mizigo limeharibika. Mambo yamekuja pamoja. Usikasirike. Mawingu bado yapo.

Nikumbushe, unga wa kleicha, zile biskuti zetu za Idi, unaweka hiliki kabla ya samli au baada? Nimejaribu hapa, zimetoka kama mawe. Muhannad kala tatu kwa heshima yako, kisha akaomba maji.

Mjukuu wako,
Wasan

*

Abu al-Khasib
Aprili, Idi imeshaliwa na vyombo vimeshaoshwa

Wasan,

Barua yako imefika baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Kwa safari ya saa tano? Imekuja kwa punda? Na punda mwenyewe kiwete?

Hiliki ni baada ya samli. Nimekujibu la kleicha kwanza kwa sababu sitaki mkwe wangu avunjike meno kwa kosa langu. Sasa sikia.

Umeniandikia sababu tatu. Mtu mwenye sababu ya kweli huleta moja. Ndege zimejaa, ruhusa umenyimwa, gari limeharibika. Ungeongeza na paka ameugua.

Binti wa Mama Hazbar, yule mwenye pua, yuko Uswidi, na Uswidi ni barafu tupu. Amekuja na watoto wanne na sanduku la chokoleti. Wamekaa uani kwao siku sita, nami nasikia kila kicheko kupitia ukutani. Mama Hazbar ananiletea sahani ya chokoleti anasema, "Karibu Mama Jasim, hii kaleta mwanangu," na anairefusha ile "mwanangu" kama mtu anayevuta kamba ya kisimani. Chokoleti nimewapa bata. Bata hawakula.

Mimi sikuwa na watu wa kucheka uani. Nilikaa na Ibtihal, tukachoma samaki mkubwa kana kwamba wageni wako njiani. Ibtihal akasema mama, tupunguze. Nikamwambia choma wote, saa tano si kitu, mtu anaweza kutokea hata saa ya kula.

Sasa nasema mara moja. Idi Kubwa ni Juni. Usipokuja, nitaushusha mkate wako. Unajua maana yake. Mama anaushusha mkate mwenye mkate akirudi akaula, au akijua kwamba hatarudi. Mama yangu aliushusha wa kaka yangu mwaka wa saba wa vita, akaulowesha maji akawapa ndege. Tangu siku hiyo hakutaja tena jina lake. Mimi sitaki kukaa na mkate wa mtu ambaye yuko jirani na hataki kuja. Wa aliye mbali ningeuweka mpaka msumari uoze.

Nashmiya

*

Abu al-Khasib, 9 Mei

Mpenzi wangu Wasan,

Ni mimi shangazi yako Ibtihal, na Mama hajui kama nakuandikia. Nimetaka kukupigia simu lakini nyumba hii haina pembe asizosikia. Barua zenyewe mimi ndiye ninayezipeleka posta mjini, basi na hii itapita humo humo.

Sikiliza. Kila Alhamisi Mama ananiambia anakwenda kununua samaki sokoni Ashar. Harudi na samaki. Nikamwuliza dereva, naye akacheka: anampeleka mpaka upande wa pili wa mji, barabara ya uwanja wa ndege, pale wanapouza matikitimaji. Mama ananunua tikitimaji moja, anakaa juu ya boksi la yule muuzaji, anatazama ndege zinavyoshuka. Kila inayotua anamwuliza muuzaji, "Hii ya kutoka kwao?" Muuzaji kachoka kusema sijui, sasa anasema, "Ijayo, mama, ijayo." Nyumbani tuna matikitimaji chini ya kila kitanda.

Nilijua siku ile ile mlangoni kwamba umemdanganya. Nami nikauacha upite. Lakini sasa, Wasan, uongo wako umegeuka. Ulitaka asijue uko mbali, naye hajui. Anachojua ni kwamba uko karibu na humpendi. Mchana anakutukana. Usiku nasikia kiti kikisogezwa jikoni, anapanda kuugusa ule mfuko. Ana miaka themanini na goti bovu, na anapanda kiti.

Mwandikie ukweli, wowote ulio nao. Kama kuna kingine unachoficha, kiandike humo humo.

Shangazi yako,
Ibtihal

*

Melbourne, 28 Mei

Bibi,

Kaa kwanza. Usisome umesimama.

Si kama kwenda Najaf.

Siku ile mlangoni ulikuwa umeshika mkanda wa begi langu. Gari lilikuwa linanguruma, Muhannad ananisubiri huku na viza yangu imebaki siku chache, na wewe ulikuwa umeuzungusha ule mkanda mkononi mara mbili kama kamba ya ng'ombe. Ukaniuliza, "Ni mbali?" Kama ningekwambia ukweli usingeuachia. Nami kama usingeuachia, Bibi, nisingeuvuta. Kwa hiyo nikasema Najaf, ndilo jina la mbali kabisa nililowahi kukusikia ukilitaja. Ukauachia.

Sasa nakuandikia ilivyo. Kutoka Basra ndege ya kwanza inakwenda Dubai, karibu saa mbili. Hapo unashuka, unangoja kwenye ukumbi mkubwa kuliko soko lote la Ashar, watu wamelala sakafuni wakikumbatia mabegi. Kisha unapanda ya pili, na hiyo haishuki, Bibi. Saa kumi na tatu, kumi na nne, iko angani tu. Unakula, unalala, unaamka, unakula tena, ukichungulia chini ni bahari ile ile. Ukijumlisha na kungoja, mtu anaondoka nyumbani leo na kesho wakati kama huo bado yuko njiani. Ni kilomita elfu kumi na mbili na mia kadhaa. Nimezigawa kwa njia ya kwenda kwa Babu ili uelewe. Ni Najaf ishirini na nane. Moja baada ya nyingine, bila kushuka kunywa chai.

Na mawingu si mawingu. Ni usiku. Wewe ukimaliza kula mchana, mimi huku nimeshavua viatu nalala. Jua linapita kwangu kwanza, kisha ndiyo linakuja kwako. Asubuhi nikiwa kwenye basi huwa nalitazama nasema, nenda, kamwamshe.

Kuna kingine. Shangazi hajui. Mwaka wa kwanza nilipata mimba ikatoka, kabla sijaweza hata kukwambia. Nilikupigia siku ile, ukaniuliza nimekula nini, nikasema wali na bamia, nikacheka. Sasa nina nyingine, ya miezi mitano. Inakaa vibaya, inashuka, na daktari amenikataza kupanda ndege, kubeba ndoo, hata kupanda ngazi za kazini. Nimeacha kazi. Siku nzima niko kitandani nimeinuliwa miguu. Hiyo ndiyo sababu moja, Bibi. Sikuiandika kwa sababu niliogopa kuitaja isije ikasikia ikaondoka kama ya kwanza.

Ukishaisoma hii, ushushe mkate ukitaka. Lakini usiseme niko karibu na sitaki kuja.

Wasan

*

Abu al-Khasib
Juni, kesho yake Idi Kubwa

Wasan, bibi yangu, ini langu, mwongo mkubwa wee,

Kumbe ni mbali!

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi mara elfu. Nimeisoma barua kwa sauti, nikafika pale pa ishirini na nane nikapiga kigelegele. Ibtihal akaja mbio kutoka uani na mwiko mkononi, akadhani nimerukwa na akili. Nikamwambia, mjukuu wangu yuko mbali! Yuko mbali sana! Nikaenda mpaka ukutani nikamwita Mama Hazbar: "Najaf ishirini na nane! Na huyo wako wa Uswidi ngapi? Nenda kapime!" Akasema, "Si nilikuambia ni mbali?" Nikamwambia uliniambia kwa wivu, mwenyewe kaniambia kwa mapenzi, si sawasawa.

Miaka mitatu nimelala na mwiba. Kila siku nasema, saa tano, saa tano, nimemkosea nini mtoto huyu? Nilikuwa nalikumbuka lile kofi nililokupiga ulipopoteza bata, nasema labda ni lile. Kumbe ni bahari. Bahari sina ugomvi nayo.

Na mkanda, ni kweli. Nisingeuachia. Ulijua vizuri mtu unayemdanganya.

Haya, nimeshafurahi, sasa nagombeza. Mimba inatoka, na unanichekea na bamia? Nani alikukanda tumbo? Nani alikupikia uji wa tende na samli? Nani alikaa nawe usiku? Usinijibu, najua jibu, ndiyo maana mwandiko hapa umeharibika. Mimi walinitoka watatu kabla ya baba yako na wawili baada yake, na kila mmoja namjua, na hakuna aliyeondoka kwa sababu alitajwa. Mtaje huyo. Mtaje kila siku, ajue nyumba ina watu wanaomngoja. Lakini jina langu usimpe. Bado nalitumia.

Mkate haujashuka. Nilikuwa nimeshapanda kiti asubuhi ya Idi, usinidhanie mwema. Mkono ulikuwa kwenye mfuko. Ibtihal akaingia na barua yako, ndiyo imetoka posta. Nilisoma juu ya kile kiti, nimesimama, hukunipata.

Sasa tufanye hivi. Wewe huwezi kupanda. Mimi naweza. Jana nimepelekwa kupiga picha ya pasipoti. Mpiga picha akasema, "Usitabasamu, mama." Nikamwambia nani alikuambia nilitaka? Nimetoka nimekunja uso kama mtu anayedai haki yake, na ndivyo ilivyo.

Goti bovu halijalishi. Ndege ndiyo itakayotembea.

Bibi yako,
Nashmiya

*

Melbourne, 10 Agosti

Bibi,

Viza imetoka! Muhannad kaishika karatasi kachezacheza nayo sebuleni mpaka jirani wa chini kagonga dari.

Soma haya mara mbili, na Ibtihal naye asome. Ndani ya ndege kila saa moja inuka utembee, hata kama wanakutazama. Kunywa maji. Dubai atakungoja mtu wa uwanja na kiti cha magurudumu, usimfukuze. Usiseme wewe si kilema. Panda tu. Huku ukifika kuna karatasi ya kuandika vyakula ulivyobeba, vyote vitaje, na kukiwa na mbwa ananusa mizigo usimpige.

Mtoto bado amekaa. Namtaja kama ulivyosema. Nimemwambia Bibi anakuja, akanipiga teke.

Uulete mkate wangu, Bibi. Nataka niule nikikuona. Itakuwa kama nimerudi.

Wasan

*

Abu al-Khasib
Desemba, tende zimeshauzwa na mitende imepumzika

Wasan, bibi yangu,

Nimerudi, nimefika nyumbani. Ibtihal alikupigia simu akakuambia nimefika salama, lakini hakukuambia kitu, kwa sababu ni mimi niliyesafiri.

Wakati wa kuja huko nilizihesabu Najaf zako. Mbele ya kiti kuna kioo, na ndani yake kindege cha kuchora kinachotambaa. Kando yangu alikaa mama wa Kihindi, hatukuwa na neno hata moja la pamoja, lakini kila nilipoamka alininyooshea kidole kwenye kile kindege, nami nikasema, moja imepita, nikafikiria njia yote: daraja, mashamba, vibanda vya chai, makaburi. Kisha nyingine. Sikuchoka. Nilipofika ya ishirini na nane ulikuwa umesimama pale na tumbo lako kama tikitimaji, na nikasema, haya, ni mbali, lakini ina mwisho.

Kurudi sikuweza kuhesabu. Nilianza moja, nikasikia kitukuu changu Tiba analia, nikageuka. Hakuwa Tiba, alikuwa mtoto wa mtu. Nikaanza tena moja. Nilianza moja mpaka tukatua. Kile kindege cha kioo kilikaa juu ya bahari hakisogei, na yule mama wa Kihindi safari hii hakuwepo.

Binti yako anafanana na marehemu baba yako Jasim sikioni. Sikukuambia nilipokuwa huko kwa sababu ungelia na maziwa yangekatika. Sasa lia.

Uliniuliza pale jikoni kwako kwa nini sikuuleta mkate, ukanuna siku nzima, nami sikukujibu kwa sababu nilikuwa na Tiba kifuani. Jibu ni hili. Mkate haumfuati mtu. Unakaa kwao, unangoja. Ningekuletea ukaula huko, ungekuwa umerudi wapi? Ungerudi jikoni kwa Muhannad? Wako uko hapa msumarini. Nimefika tu nimeufuta vumbi kabla sijavua viatu. Mama Hazbar alikuja kunipokea na sahani ya wali, nikamwambia subiri, nina kazi. Kisha nikamsimulia mpaka jioni. Alilia pale pa kiti cha magurudumu. Hatujagombana tangu Jumatatu.

Sasa mkate wangu. Ule ulionipikia asubuhi ya kuondoka, nikauuma mlangoni, na Muhannad akamwaga kikombe cha maji nyuma yangu. Kikombe! Mfundishe ndoo. Nimeuuma kwa meno matatu, yote ya upande mmoja, usije ukasema ni panya. Uutie kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, utaota ukungu. Juu ya mlango wa jikoni, mahali pa kuufikia bila kiti.

Wewe ulikuwa unanitazama nikiuma, ukataka kuniuliza kama nitarudi. Nilikuona. Ulinishika mkanda wa mkoba wangu, ukauzungusha mkononi mara mbili, na mimi nikakuambia, "Mbali gani? Ni kama kwenda Najaf tu." Tukacheka wote mpaka dereva wa teksi akageuka. Ukauachia.

Goti limevimba na daktari wa hapa anasema moyo wangu umechoka na anga, nisipande tena. Nakuambia mimi mwenyewe kwa sababu hatudanganyani tena katika nyumba hii. Kwa hiyo zamu ni yako. Tiba akianza kutembea, mlete atembee hapa uani, bata wamkimbize kama walivyokukimbiza wewe.

Na siku wakikupigia simu wakakuambia Bibi kaenda Najaf, utajua ni ile Najaf ya karibu, ya saa tano, kwa babu yako. Siku hiyo usiushushe mkate wangu. Njoo kwanza uule wako.

Bibi yako,
Nashmiya